Fokasi ya kamera: Lini uiachie mashine, lini uishike mwenyewe

Na MWANDISHI WETU

HARUSI imekwisha, wageni wametawanyika na maharusi wamerejea kutoka fungate. Albamu inaletwa nyumbani na jamaa wote wanaizunguka meza. Ukurasa wa kwanza una picha iliyosubiriwa kwa hamu: bwana na bibi harusi wakitazamana mbele ya madhabahu. Lakini ajabu ni kwamba nyuso zao zimefunikwa na ukungu, ilhali mapazia yaliyo nyuma yao yanaonekana uzi kwa uzi.

Aghalabu lawama katika hali kama hii huelekezwa kwa kamera, kwamba ni mbovu, au kwa ukumbi, kwamba ulikuwa na giza. Ukweli ni kwamba kamera ilifanya kazi yake barabara. Ilitafuta kilichokuwa katikati kabisa ya fremu. Katikati ya watu wawili waliosimama wakitazamana hapakuwa na uso wa mtu. Palikuwa na pengo, na nyuma ya pengo palikuwa na pazia.

Makosa mengi ya upigaji picha yana dawa. Picha iliyoingia giza kidogo huongezewa mwanga katika kompyuta. Rangi iliyopotoka hurekebishwa. Ukingo usiotakikana hukatwa. Fokasi iliyokosewa haina tiba ya kweli. Zipo programu za siku hizi zinazotumia akili unde kuiondolea picha ukungu, lakini hizo hukisia tu jinsi kope za macho zilivyokuwa. Haziwezi kurejesha kile ambacho lenzi haikukinasa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ndiyo maana swali la iwapo mpigapicha aiachie kamera kazi ya kulenga, au aifanye mwenyewe kwa mkono, si swali dogo. Jibu lake halimo katika ushabiki wa kale dhidi ya sasa, bali katika kuelewa jambo moja: kamera inajua kupima umbali kuliko binadamu yeyote, lakini haijui ni kitu gani katika picha chenye thamani kwako. Kupima ni kazi ya mashine. Kuchagua ni kazi ya mtu.

FOKASI NI NINI HASA?

Lenzi huukusanya mwanga unaotoka kwenye vitu vilivyo mbele yake na kuumwaga juu ya filamu au kihisi cha kamera. Kwa kila hali ya lenzi, kuna umbali mmoja tu ambao vitu vilivyopo hapo huonekana bayana kabisa. Vilivyo mbele au nyuma ya umbali huo hufifia hatua kwa hatua. Kuweka fokasi ni kusogeza vioo vya ndani ya lenzi hadi umbali huo ulingane na kitu unachotaka kionekane.

Ukubwa wa eneo linaloonekana bayana hutegemea mambo matatu: upana wa tundu la lenzi, umbali kati yako na unachokipiga, na urefu wa lenzi. Tundu likiwa pana, eneo hilo huwa jembamba mno.

Tuchukue mfano wa lenzi ya milimita 85, inayopendwa sana na wapigao picha za nyuso, ikiwa kwenye kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24. Ukisimama mita 2 kutoka kwa mtu na kufungua tundu hadi f/1.8, eneo lililo bayana litakuwa la takriban sentimita 6 tu, kutoka mbele hadi nyuma. Fokasi ikiangukia sikio badala ya jicho, picha imeharibika. Ukilibana tundu hadi f/8, eneo hilo hupanuka na kufikia takriban sentimita 25, na kosa dogo husameheka.

Hii ndiyo sababu ya mpigapicha anayetumia lenzi ghali yenye tundu pana kukosea fokasi mara nyingi kuliko anayetumia lenzi ya bei nafuu. Lenzi yake si mbovu. Ni kali zaidi, na kisu kikali humkata asiyekizoea.

MASHINE ILIVYOJIFUNZA KULENGA

Hadi katikati ya miaka ya sabini, fokasi ilikuwa kazi ya jicho na vidole. Mpigapicha Mkenya Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa nchini Ethiopia mwaka wa 1984 ziliusisimua ulimwengu, aliijenga kazi yake katika enzi ambapo mwanahabari alilazimika kuzungusha pete ya lenzi mwenyewe huku tukio likiendelea mbele yake.

Kamera ya kwanza kuuzwa kwa wingi ikiwa na uwezo wa kujiwekea fokasi ilikuwa Konica C35 AF ya mwaka wa 1977, iliyotumia kifaa kilichobuniwa na kampuni ya Honeywell ya Marekani. Mwaka wa 1985 kampuni ya Minolta ya Japani ilitoa kamera ya 7000, iliyokuwa na mota ya fokasi ndani ya mwili wake na iliyokubali kubadilishwa lenzi. Kamera hiyo iliutikisa ulimwengu wa picha. Pia iliingiza Minolta mahakamani, kwani Honeywell ilidai kwamba ubunifu wake ulikuwa umetumiwa bila idhini. Kesi hiyo ilimalizika mwaka wa 1992 Minolta ilipokubali kulipa dola milioni 127.5.

Mashine hulenga kwa njia mbili kuu. Ya kwanza hufanana na macho yetu mawili. Kamera huutazama mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na ule uliopita upande wa pili, kisha hulinganisha taswira hizo mbili. Zikiwa hazilingani, kamera hujua mara moja lenzi isogezwe upande gani na kwa kiasi gani. Njia hii ni ya haraka.

Ya pili ni ya kupapasa. Kamera husogeza lenzi mbele na nyuma huku ikipima tofauti ya weusi na weupe kwenye kingo za vitu. Pale ambapo tofauti hiyo ni kubwa zaidi, ndipo penye fokasi. Njia hii ni sahihi, lakini ni ya taratibu, kwa kuwa kamera hailijui jibu hadi iwe imelipita na kulirudia.

Kwa miaka mingi kamera kubwa zenye kioo cha ndani zilitumia njia ya kwanza, nazo kamera ndogo za mfukoni zikatumia ya pili. Mpaka huo ulianza kufutika wakati vipimio vya fokasi vilipowekwa juu ya kihisi chenyewe cha picha. Canon, kwa mfano, ilileta mfumo wa aina hiyo katika kamera yake ya 70D mwaka wa 2013, ambapo kila nukta ya picha imegawanywa mara mbili. Kamera za kisasa zisizo na kioo huenda mbali zaidi: hutambua uso wa mtu, jicho lake, hata jicho la mnyama au ndege, na kulifuata linakokwenda.

Hata hivyo, njia zote hizi zina hitaji moja. Ni sharti kamera ione mstari, ukingo au mchoro fulani wa kushikilia. Pasipo tofauti ya weusi na weupe, mashine ni kama kipofu anayepapasa ukuta laini akitafuta mlango.

PALE MASHINE INAPOMSHINDA MTU

Kwa kazi nyingi za kawaida, fokasi ya kiotomatiki ndiyo chaguo la busara. Asiyeikubali kwa sababu ya fahari tu hujinyima picha nzuri.

Kwanza ni pale kitu kinapokwenda kasi. Marehemu Kelvin Kiptum alipokimbia marathoni ya Chicago mnamo Oktoba 2023 kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, alikuwa akienda kwa wastani wa mita 5.8 kila sekunde. Mpigapicha anayesimama mbele ya mkimbiaji wa kiwango hicho akiwa na lenzi ndefu ana eneo la bayana lililo jembamba, nalo linapaswa kusogea mita 5.8 kila sekunde. Vidole vya watu wachache mno vinaweza kazi hiyo. Kamera nzuri ya kisasa huifanya bila jasho.

Kwa kazi kama hiyo, ni lazima kamera iwekwe kwenye fokasi ya mfululizo, ambayo katika kamera za Nikon na Sony huandikwa AF-C. Humo, kamera huendelea kupima maadamu umekibana kitufe cha kupigia picha nusu. Kwa vitu vilivyotulia, fokasi ya mara moja, AF-S, hutosha: kamera hulenga, hufunga hesabu, kisha hungoja. Wengi wanaolalamika kwamba kamera zao haziwezi kunasa watoto wakicheza mpira huwa wameziacha kwenye AF-S. Kamera imelenga pale mtoto alipokuwa, si pale alipo.

Pili ni pale tukio linapozuka ghafla. Mwanahabari katika maandamano, au mzazi ambaye mtoto wake ametembea hatua ya kwanza sebuleni, hana nafasi ya kuzungusha pete.

Tatu ni pale macho ya mpigapicha yenyewe yanapochoka. Wengi wanaovuka umri wa miaka arobaini huanza kupata taabu ya kuona vitu vya karibu. Kwao, alama ya kijani inayowaka ndani ya kidirisha cha kuchungulia ni mwaminifu kuliko hisia zao.

PALE MASHINE INAPODANGANYIKA

Kuna mazingira ambamo hata kamera ya bei ya juu hubabaika. Utaisikia lenzi ikienda mbele na nyuma, mbele na nyuma, bila kutulia. Na afadhali hivyo, kwani unajua kuna tatizo. Hatari kubwa zaidi ni pale inapotulia juu ya kitu kisichotakikana na kukupa alama ya kijani kwa kujiamini.

Mosi, vizuizi vya mbele. Ukimpiga picha ndege aliyejificha ndani ya msitu wa Kakamega, kamera huvutwa na tawi lililo karibu. Simba aliyelala katika nyasi ndefu za Maasai Mara atatoka na ukungu, nazo nyasi zitahesabika unyasi mmoja mmoja. Ndivyo ilivyo pia kwa mnyama aliye nyuma ya ua wa waya.

Pili, vioo. Abiria wa treni ya SGR, ambayo tangu mwaka wa 2017 hupita katika eneo la Tsavo, huona ndovu dirishani na kuinua kamera kwa pupa. Kumbe kamera imelenga vumbi na alama za vidole zilizo kwenye kioo. Ni heri lenzi isogezwe karibu kabisa na kioo, au fokasi iwekwe kwa mkono kwenye umbali wa ndovu.

Tatu, rangi moja tupu. Ukuta mweupe, anga isiyo na mawingu, kanzu nyeupe juani, au buibui jeusi katika mwanga hafifu, vyote havina mstari wa kushikwa. Hapa ufumbuzi ni rahisi: lenga ukingo wa vazi, tarizi ya kifuani au kitufe kilicho kwenye umbali uleule, funga fokasi, kisha panga picha upya.

Nne, giza. Usiku wa Septemba 7, 2025, mwezi ulipatwa kikamilifu na Wakenya waliutazama ukigeuka mwekundu mapema usiku. Mwezi mpevu una mng'ao wa kutosha kuilisha kamera yoyote. Mwezi uliopatwa ni hafifu mno, na hapo kamera nyingi hupapasa bila mafanikio. Nyota ni vivyo hivyo.

Tano, vumbi, moshi na mvua. Katika mbio za magari za Safari Rally, zilizorejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 huko Naivasha, gari huja likiwa limezungukwa na wingu la vumbi. Kamera inaweza kuling'ang'ania wingu hilo, au kuwarukia mashabiki waliosimama ng'ambo ya barabara.

Sita, vitu vidogo vya karibu sana, kama mdudu juu ya ua. Katika umbali huo eneo la bayana hupimwa kwa milimita, na hata pumzi ya mpigapicha humtoa mdudu nje ya fokasi. Wajuzi wengi huweka pete ya lenzi mahali pamoja, kisha hujisogeza wao wenyewe polepole, mbele na nyuma, hadi jicho la mdudu liwe bayana.

JINSI YA KULENGA KWA MKONO

Kwanza tafuta swichi yenye herufi AF na MF. Katika lenzi nyingi iko ubavuni. Katika baadhi ya kamera iko mwilini mwa kamera au ndani ya menyu. MF ndiyo ya mkono. Usizungushe pete ya lenzi ya zamani kwa nguvu swichi ikiwa bado kwenye AF, kwani unaweza kuharibu meno ya mota yake.

Kisha rekebisha kidirisha cha kuchungulia. Kando yake pana gurudumu dogo la kukilinganisha na macho yako. Lizungushe hadi maandishi yaliyo ndani ya kidirisha yasomeke vizuri. Wengi hawalijui gurudumu hili, na hulaumu lenzi kwa kosa la kidirisha.

Wazee wa kamera za filamu watakumbuka kwamba kamera kama Nikon FM2, iliyotoka mwaka wa 1982, ilikuwa na duara katikati ya kidirisha lililoikata taswira vipande viwili. Vipande vikiungana, fokasi imepatikana. Kamera nyingi za kidijitali zenye kioo hazina duara hilo, na kidirisha chake hakionyeshi kikamilifu jinsi eneo la bayana lilivyo jembamba. Ndiyo maana mtu aliyelenga kwa mkono kwa miaka ishirini bila taabu hushangaa kukosea akiwa na kamera mpya.

Dawa ni skrini. Washa taswira ya moja kwa moja, ikuze mara tano au mara kumi juu ya kitu unachokitaka, kisha zungusha pete taratibu. Pita kidogo ukungu uanze kurudi, halafu rejea nyuma hadi pale palipo bora. Kamera zisizo na kioo huongeza msaada mwingine: kingo zilizo bayana hupakwa rangi nyekundu au ya manjano. Msaada huo ni mzuri kwa kukisia haraka, lakini tundu likiwa pana usiuamini peke yake. Kuza taswira uhakikishe.

Kwa nyota, usiizungushe tu pete hadi mwisho wake ukidhani huko ndiko kwenye umbali usio na kikomo. Lenzi nyingi za kiotomatiki huupita umbali huo kidogo. Weka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, kuza nyota moja inayong'aa kwenye skrini, na uzungushe hadi iwe nukta ndogo kabisa.

Kwa gari la mbio, chagua mapema jiwe au kona ambayo gari halina budi kupita. Weka fokasi hapo na usiiguse tena. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita takriban mita 28 kila sekunde, kwa hiyo bonyeza kitufe kabla halijafika kwenye jiwe lako, si baada ya kuliona limefika. Piga mfululizo, katika picha tano au sita, moja itakuwa yako.

Kwa picha za mitaani na sokoni, upo ujanja wa tangu zamani ambao hauhitaji kulenga kabisa. Tumia lenzi ya milimita 35, bana tundu hadi f/8, na weka fokasi kwenye umbali wa mita 5 na kidogo. Kwa kihisi cha ukubwa tulioutaja hapo awali, kila kitu kuanzia takriban mita 2.6 hadi upeo wa macho kitakuwa bayana kwa kiwango cha kuridhisha. Kinachobaki ni kuinua kamera na kubonyeza.

NJIA YA KATI

Mjadala huu huzungumzwa kana kwamba mtu ni lazima achague kambi moja daima dawamu. Katika kazi halisi, wapigapicha wazoefu huzichanganya njia zote mbili, mara nyingine katika picha moja.

Hatua iliyo muhimu kuliko zote ni kuinyima kamera uhuru wa kuchagua pa kulenga. Kamera nyingi zikitoka dukani huwa zimewekwa zichague zenyewe, na zile zisizotambua nyuso hupendelea kilicho karibu zaidi. Ingia kwenye menyu, chagua nukta moja ya fokasi, kisha jifunze kuihamisha kwa kidole gumba. Weka nukta hiyo juu ya jicho la bibi harusi lililo karibu nawe. Kwa njia hii mashine hupima, lakini wewe ndiwe uliyechagua. Kamera inayotambua macho nayo isiachwe bila ulinzi: kukiwa na watu wengi, angalia ni jicho la nani iliyolishika.

Hatua ya pili ni kufunga fokasi. Ukiwa kwenye fokasi ya mara moja, bana kitufe nusu juu ya kitu unachokitaka, usikiachilie, kisha sogeza kamera upange picha. Angalia tu usisogee mbele wala nyuma baada ya kufunga, hasa tundu likiwa pana.

Hatua ya tatu hupendwa na wapigao picha za video. Acha kamera itafute fokasi kwa kiotomatiki, ikishapata, sogeza swichi hadi MF. Sasa lenzi haitahangaika tena hata kama mtu atapita mbele yake. Mahojiano mengi huharibika kwa sababu kamera ilimwacha mzungumzaji katikati ya sentensi ikamfuata mhudumu aliyebeba chai. Ukimaliza, rudisha swichi. Kusahau swichi kwenye MF ni chanzo cha picha nyingi mbovu ambazo hazina siri nyingine yoyote.

Wenye simu nao wasijione wametengwa. Vihisi vya simu ni vidogo, kwa hivyo eneo la bayana huwa pana na makosa ni machache. Hata hivyo, gusa skrini juu ya uso wa mtu kabla ya kupiga. Katika simu nyingi, ukikishikilia kidole hapo kwa muda, fokasi hufungwa.

KABLA YA KUNUNUA LENZI YA MTUMBA

Soko la lenzi zilizotumika limewasaidia vijana wengi kuanza kazi, lakini lina mitego. Canon ilipoanzisha kamera zake za EOS mwaka wa 1987, ilibadilisha kishikizo cha lenzi na kuweka mota ndani ya kila lenzi. Lenzi zake za kabla ya hapo hazikuingia tena. Nikon ilibakisha kishikizo chake cha mwaka wa 1959, na lenzi zake za mwanzo za kiotomatiki zilizungushwa na mota iliyokuwa ndani ya kamera.

Matokeo yake ni kwamba lenzi ya zamani ya Nikon iliyoandikwa AF pekee inaweza kuingia vizuri katika kamera kama D40 ya mwaka wa 2006, au zile za jamii ya D3000 na D5000, lakini isijilenge kamwe, kwa sababu kamera hizo hazina mota ya ndani. Utalazimika kulenga kwa mkono. Lenzi iliyoandikwa AF-S ina mota yake. Ni heri muuzaji akuruhusu kuijaribu lenzi kwenye kamera yako mwenyewe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Jaribio rahisi ni la gazeti. Litandaze mezani, simama ukilitazama kwa mshazari, fungua tundu lote na ulenge mstari mmoja wa maandishi. Kuza picha. Mstari uliolengwa ukiwa na ukungu na ule ulio mbele au nyuma yake ukiwa bayana, kamera na lenzi hiyo hazipatani. Baadhi ya kamera zenye kioo zina sehemu kwenye menyu ya kusahihisha tofauti hiyo.

JE, NI FOKASI AU NI MTIKISIKO?

Si kila picha yenye ukungu imekosewa fokasi. Itazame vizuri. Kikiwapo kitu fulani katika picha kilicho bayana, kama lile pazia la harusi, kosa ni la fokasi. Vitu vyote vikiwa vimevutwa upande mmoja kama vilivyoandikwa mara mbili, mkono ulitikisika. Na mazingira yakiwa bayana lakini mtu pekee amevutika, basi mtu huyo alisogea na kasi ya kamera ilikuwa ndogo. Kubadili kutoka AF hadi MF hakutatibu magonjwa hayo mawili ya mwisho. Ongeza kasi, tafuta mwanga au tumia stendi.

UAMUZI NI WAKO

Kwa muhtasari, kitu kikienda kasi, tukio likiwa la ghafla au macho yakiwa yamechoka, iachie mashine. Kukiwa na kizuizi, kioo, giza, rangi tupu au kitu kidogo cha karibu, shika pete mwenyewe. Ukijua mapema mahali ambapo kitu kitapita, weka fokasi hapo na ungoje. Na kwa kila hali nyingine, tumia nukta moja uliyoiweka mwenyewe.

Mazoezi yafanyike nyumbani, si ukumbini. Mtu anayejifunza kuhamisha nukta ya fokasi wakati bwana harusi anainua shela amechelewa. Keti sebuleni jioni, taa ikiwa hafifu, na ulenge kikombe, kisha kitasa cha mlango, kisha uso wa mtoto anayecheza, hadi vidole vijue njia bila kuulizwa.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kamera ni ndugu mwema na mwenye bidii, lakini haikualikwa harusini. Haimjui bibi harusi ni nani, wala haijui kwamba bibi kizee aliyeketi pembeni ameshinda safarini usiku kucha ili aonekane katika picha hiyo. Wewe unajua. Kabla ya kubonyeza kitufe, jiulize ni uso gani ambao ukikosekana, picha yote imekosekana. Hapo ndipo pa kuweka fokasi, kwa mashine au kwa mkono.